Upinde wa mwanzi mgongoni, tumboni niweke mti gani?

Fundi_Moro: Wakuu, nilibandika upinde wa tabaka mbili: mwanzi mgongoni (upande unaotazama shabaha), mpingo tumboni (upande unaomtazama mpigaji), gundi nyeupe ya maji. Juzi, mvuto wa nne tu, nikasikia "taa!" Tabaka zimeachana kuanzia kishikio hadi ncha. Uso wa mpingo umebaki laini kama kioo, hauna hata chembe ya gundi. Wiki 3 za kazi! Kosa ni la mti au langu?

BabaNeema: Mpingo una mafuta, mkuu. Futa kwa asetoni, kiyeyushi cha mafuta, kisha bandika hapohapo kwa epoksi, ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili.

MzeeWaRanda: Pole sana kijana wangu. Huo ulaini ndio jibu. Kwaruza kwa msasa namba 60 kwanza, na epoksi usiikaze mno, itakamuka yote. Mimi hufunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, unabana sawasawa kila mahali. Ila mpingo ni mzito. Ncha nzito hupunguza kasi ya mshale. Jaribu mkole, Wahadzabe huuchongea pinde zao. Mwanzi upunguze hadi milimita 3, kwa upande wa ndani tu. Ganda la nje usiliguse kabisa! Ukiuacha mnene utaliponda tumbo, utaona vimikunjo vyembamba vya kukatisha. Na randa taratibu: unene ukizidi mara 2, ugumu huzidi mara 8.

Fundi_Moro: Shikamoo mzee, asante sana. Mkole nitajuaje umekauka?

MzeeWaRanda: Marahaba. Upime kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, anza kazi.