Nilifumua mshono usiokuwa na kosa, mbele ya mteja

FundiPembeniMwaSoko ameandika:

Wakuu, habari za usiku. Naandika saa 7 usiku, pasi bado ina moto. Naomba msije na matusi, nimeshajitukana vya kutosha.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamke, miaka 38. Kibanda changu kiko Moshi, si mbali na soko la Mbuyuni. Anayeijua Moshi anajua Desemba inavyotuendesha sisi mafundi. Wachagga wanapanda kutoka Dar na kila pembe, kuna harusi, kuna kipaimara, kuna ubatizo, kila ukoo unataka sare na kila mtu anataka yake "kesho asubuhi mapema".

Miaka 2 iliyopita nilimchukua binti mmoja kutoka Rombo. Alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakumbeba, na mama yake nilisoma naye shule ya msingi. Sikumtoza ada ya kufundishwa. Analala chumba kimoja na wanangu. Alianza kwa kufagia vipande na kujaza bobini, akaja kwenye mapindo, akaja kwenye sketi za shule. Leo hii, sitawadanganya, mkono wake umeshapita wangu. Zipu ya kujificha akikuwekea, utaitafuta kwa vidole. Hilo sikumfundisha mimi, aliangalia kwenye simu.

Jumanne alikuja mteja wangu wa miaka mingi na kitenge cha sendofu ya bintiye. Kabla sijachukua futi akaniambia, "Leo nataka yule mdogo ndiye anikatie." Nikacheka. Nikamwambia hakuna shida, mwanafunzi wangu huyo, nimemtoa mbali. Hilo la kumtoa mbali nilikuwa nimeshalisema kwa wateja mpaka limechuja.

Ijumaa mama akaja kujaribu. Gauni limemkaa kama amemwagiwa. Kila mtu pale kibandani alinyamaza kidogo, mnakijua kile kimya cha nguo iliyokubali. Mimi nikamzungusha, nikashika ubavu wa kushoto, nikasema, "Hapa pamevuta." Nikachukua wembe nikafumua kuanzia kwapani mpaka kiunoni.

Hapakuwa pamevuta. Na nilijua hapajavuta wembe ukiwa mkononi.

Binti hakusema kitu. Alivuta kiti akashona upya palepale, kwenye matundu yaleyale ya sindano. Tangu siku hiyo ni "ndiyo dada", "sawa dada", kazi ikiisha anakwenda kulala.

Swali langu ni hili. Maisha yangu yote nimejihesabu mtu wa huruma, na majirani watawaambia hivyohivyo. Sasa nimeanza kujiuliza kama nilikuwa namsaidia huyu mtoto au nilikuwa najijengea jina kupitia mgongo wake. Leo nimepitia simu. Picha za kazi zake nilizowahi kuweka status ni 14, na zote nimeandika "mwanafunzi wangu". Jina lake halimo hata kwenye moja.

Nina tatizo gani?

---

Kitasa amejibu:

Wivu. Usitafute jina la kizungu.

---

FundiPembeniMwaSoko:

Kaka yangu, wivu naujua, nilishawahi kumwonea mtu. Ningekuwa na wivu wa kawaida ningemrudisha kwao Rombo tangu zamani. Huyu akiumwa silali. Mwaka jana alishikwa na malaria nikafunga kibanda siku 3, msimu wa sare za shule. Ndiyo maana nimechanganyikiwa, vitu vyote viwili vimo ndani ya mtu mmoja.

---

SpanaKumiNaTatu amejibu:

Dada, mimi nilikuwa huyo binti, ila kwenye gereji, Arusha. Ngoja nikupe upande wa pili.

Bosi wangu alinipokea sina hata viatu. Alinilisha. Alinifundisha injini ya dizeli kuanzia kufungua chujio mpaka kusikiliza sauti. Mpaka leo nikiinamia gari nasikia maneno yake. Lakini kila akija mteja mwenye gari zuri, ananiita nije mbele: "Mnamwona huyu? Alikuja hapa na ndala za rangi mbili." Watu wanacheka, na mimi nacheka. Mwaka wa kwanza nilicheka kwa moyo. Mwaka wa tatu nilikuwa najificha chini ya gari nikiona mteja anashuka.

Kilichonimaliza kilikuwa kidogo kuliko cha kwako. Kuna gari lilimshinda siku 2, mimi nikagundua tatizo ni waya wa sensa umelika. Mteja alipokuja, bosi akaeleza namna *yeye* alivyogundua. Hakunitazama. Angenitazama tu nadhani ningebaki.

Niliondoka usiku, sikuaga, spana moja ya kwake nikaondoka nayo bila kukusudia (ndiyo hiyo ya jina langu). Niliishi na aibu ya utovu wa shukrani kwa miaka. Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba ukimlisha mtu, shibe inakuwa yake. Ukimlisha ili akusifu, anabaki na deni lisilo na tarehe ya kwisha, na mdaiwa hawezi kuwa rafiki.

Kimya chake hicho dada, mimi nakijua. Anahesabu nauli.

---

MnasihiMstaafu amejibu:

Nimefundisha na kunasihi vijana shuleni kwa muda mrefu, na kisa chako kina watafiti wake.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Jennifer Crocker, alikuwa Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 2008, pamoja na Amy Canevello, walitoa utafiti juu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wakiwemo wale waliopangiwa chumba kimoja bila kujuana. Waliwafuatilia kwa wiki kadhaa wakiwauliza: katika mahusiano yako siku hizi, unalenga nini? Kuna lengo la kutaka uonekane mwema, hodari, asiye na kasoro. Na kuna lengo la kutaka mwenzako awe na hali nzuri, usimletee madhara. Waliolenga hali ya mwenzao walitoa msaada zaidi, na baada ya muda na wao wakapata zaidi, na mwenzao wa chumba alilisema hilo mwenyewe. Lile lengo la kuonekana lilikuwa linaharibu. Hata mtu akiwa na huruma ya kweli, akiichanganya na hamu kubwa ya kuonekana, faida inapungua.

Dada, zingatia hilo la kuchanganya. Hawakusema kuna watu wa huruma upande huu na watu wa sifa upande ule. Kila mmoja anayo malengo yote mawili, na yanapanda na kushuka kutoka siku hadi siku. Ile malaria ulikuwa mtu mmoja, na ule wembe ulikuwa mtu huyohuyo Ijumaa nyingine.

Kwa nini Ijumaa hiyo? Crocker na wenzake mwaka 2003 walitengeneza dodoso la kupima mtu anaegemeza thamani yake wapi, wakataja maeneo 7: kukubalika na watu, sura, kuwashinda wengine, masomo, familia, uadilifu, na upendo wa Mungu. Na mwaka mmoja kabla ya hapo walikuwa wamewafuatilia wanafunzi waliokuwa wakisubiri majibu ya maombi ya kuendelea na shahada za juu. Waliojipima kwa masomo, barua ya kukubaliwa iliwapandisha na ya kukataliwa ikawashusha kuliko wengine. Wewe barua zako zinakuja na wateja, kila siku, mlangoni. Mama wa sendofu alikuletea ya kukataliwa, na aliyeandikiwa ya kukubaliwa amekaa mita moja kutoka kwako.

Jambo moja la mwisho ndilo hasa lililonifanya niandike. Mwaka 2004 Crocker na Lora Park walieleza gharama za kukimbiza kujithamini. Mahusiano yamo, afya imo, na kujifunza kumo. Mtu anayelinda hadhi yake hawezi kujifunza, maana kujifunza kunaanza kwa kukiri kwamba hujui. Hiyo zipu ya kujificha, umewahi kumwomba akuonyeshe?

---

Kitasa:

Mwalimu umeandika mengi lakini bado ni wivu.

---

MnasihiMstaafu:

Sikatai. Nimeeleza tu huo wivu umeingilia dirisha gani.

---

BiMkubwaTanga amejibu:

Mwanangu wee, nimesoma nikarudia. Mwalimu kasema vizuri, na yule kijana wa spana kanitoa machozi. Lakini nyote mmelipita jambo mnaliruka kama kidimbwi.

Gauni la sendofu unachukua ngapi? Huyo mtoto anapata ngapi?

Maana umetaja ada uliyomsamehe, chumba, malaria. Mshahara sijauona. Mimi nimeuza maandazi miaka 30 na wasichana wamepita mikononi mwangu wengi, wengine wameondoka na wateja wangu, na hilo nalo linauma, usiseme nakufundisha utakatifu. Nakuambia tu: ukimlipa mtu haki yake, hata siku una roho mbaya yeye kala kilicho chake. Usipomlipa, wema wako wote unategemea umeamkaje.

Na wewe pia usije sasa ukajitupa chini, "basi chukua wateja wote, mimi si kitu." Hiyo nayo ni kujionyesha, umebadilisha gauni tu. Una watoto wanasoma. Kaa naye, mpangiane.

---

FundiPembeniMwaSoko:

Bi Mkubwa, umenishika pabaya. Gauni lile ni 45,000. Yeye anapata chakula, nguo, nauli ya kwenda kwao, na sikukuu namtumia mama yake kidogo. Nilikuwa nasema moyoni kwamba bado anajifunza. Mwanafunzi ambaye wateja wanamwulizia kwa jina.

Mwalimu, sijawahi kumwomba. Naweka zipu ya kawaida, na mteja akiitaka ya kujificha ninasema zimeisha sokoni.

---

SpanaKumiNaTatu:

Haha dada! Hiyo ya zimeisha sokoni bosi wangu alikuwa nayo kwenye kompyuta za magari. "Hii mashine haifai kwa gari hili." Kumbe hajui kuiwasha.

Ukizungumza naye, usimwambie mbele ya watu. Na usilie. Ukilia atalazimika kukubembeleza, na itakuwa tena habari yako.

---

FundiPembeniMwaSoko ameandika (siku 4 baadaye):

Nimerudi, kwa sababu kuna watu wameniuliza pembeni.

Nilimwambia Jumapili baada ya ibada, tukiwa tunachambua maharage. Nilisema, "Ule ubavu haukuwa na kosa. Nilifumua kwa sababu mama alikutaka wewe." Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengine mengi, nikakumbuka spana, nikayameza.

Akasema, "Nilijua, dada." Akaendelea na maharage. Baadaye kidogo akasema alishamsimulia mama yake, na kwamba shangazi yake wa Himo amemtafutia pa kwenda mwezi wa kwanza. Kijana wa Arusha ulisema anahesabu nauli, alikuwa ameshaipata.

Sikulia. Nilitaka.

Nikamwambia kuanzia wiki hii nguo anayoikata na kuishona mwenyewe ana nusu ya ufundi, nyuzi na zipu juu yangu, akiwa hapa au mpaka siku atakayoondoka. Na ya nyuma tutapiga hesabu. Akauliza kama ni kwa sare pia. Sare hatujakubaliana, maana sare faida ni nyembamba na nusu ingenitoa damu. Tukavutana kabisa, na nilivyomwona anabishana nami bei, ilikuwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile kuniangalia usoni.

Kuhusu Himo hajasema anakwenda wala haendi, na mimi sijamwuliza tena. Mama yake hapokei simu zangu.

Nilimwomba pia anionyeshe ile zipu. Akasema, "Kuna sare 9 za kipaimara, dada, tumalize kwanza." Sawa.

Jana yule mama wa sendofu alipita na dada yake, anataka kama lile lile. Dada mtu akauliza nani kashona. Nikataja jina la binti, jina lake kamili, nikaishia hapo. Nyuma ya ulimi lile la kumtoa mbali lilikuwa limesimama tayari kabisa, limevaa viatu. Kusema kweli iliniuma, hapa chini ya kifua. Nikamwachia futi, nikasema nakwenda sokoni kununua zipu.