Nimegawa vitabu 200 vya katuni bure hapa Mtwara. Waliorudi kununua ni 34, na wengi wao siyo niliowagawia

Steshenari_Magomeni (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Naomba mnivumilie, hili jambo ni refu kidogo na linanikereketa tangu Mei.

Nina steshenari Magomeni, Mtwara mjini. Kopi, laminesheni, madaftari, picha za pasipoti, vitu vya siku zote. Mpwa wangu kamaliza kidato cha nne na anachora. Anachora kweli, siyo kupaka paka. Ametunga hadithi ya dogo wa Mikindani anayeokota kinyago cha mapiko, ile ngoma ya Wamakonde, ndani ya gofu la zamani. Akikivaa anasikia yale ambayo watu wameyameza hawakuyasema. Siku aliponiletea kurasa za kwanza nilisahau kabisa kuwa kuna mteja kasimama mbele yangu na kitambulisho chake cha NIDA anasubiri kopi.

Tukasema tutoe kitabu. Kurasa 16, A4 imekunjwa katikati, jalada la rangi, ndani nyeusi na nyeupe. Ndani nachapa mwenyewe kwa mashine yangu, jalada nalituma Dar kwa sababu printa yangu ya rangi inakula wino kama ng'ombe kwenye maji. Ukijumlisha karatasi, wino, jalada, pini na nauli ya basi, kila kitabu kinanigharimu kama 600. Bei tukaweka 1,000.

Hapo mpwa akaja na habari zake. Kasoma mtandaoni kwamba Marekani kuna siku yao maalumu, Jumamosi ya kwanza ya Mei kila mwaka, maduka ya katuni yanagawa vitabu bure na watu wanapanga foleni hadi barabarani. Akanishawishi: anko, na sisi tugawe sehemu ya kwanza bure, wakishanogewa watanunua ya pili. Mwaka 2024 Jumamosi hiyo ikaangukia tarehe 4 Mei. Mnaoishi huku mnajua tarehe hiyo ilikuwa nini: kimbunga Hidaya. Barabara ya Dar ikakatika kule Kilwa upande wa Somanga, na majalada yangu 200 yakakwama njiani kwenye buti la basi. Tukasogeza hadi mwisho wa mwezi.

Siku yenyewe nilitoa meza nje, nikaazima spika. Wakuu, dakika arobaini vitabu vimekwisha! Bibi mmoja alichukua vinne, vya wajukuu. Kuna kijana alichukua, akazunguka nyuma ya bajaji, akavua kofia, akarudi kuchukua tena. Nikajiona nimefika.

Sehemu ya pili nikachapa nakala 100. Hadi leo zimetoka 34. Kila aliyenunua nilimuuliza kaijuaje hadithi, nikaandika kwenye daftari langu la madeni. Saba tu ndio walipata kile cha bure pale mezani. Tisa ni marafiki wa mpwa, hao siwahesabu. Kumi na sita wametoka kwa kinyozi, duka la tatu kutoka kwangu. Huyo nilimpa kitabu kimoja tu siku ile kwa sababu alinisaidia kubeba meza, akakiweka pale kwenye benchi la kusubiria. Kimesomwa hadi pini zimetoka.

Wawili waliobaki ni kichekesho. Walikuja na karatasi yenye mafuta. Muuza bagia wa jirani alikuwa anafungia bagia kwa kitabu changu, kachana ukurasa mmoja mmoja. Wao wakapata ukurasa wa 7, dogo ndiyo anakivaa kinyago kwa mara ya kwanza na baba yake anaingia chumbani. Wakataka kujua baba alikuwa anawaza nini. Mmoja bado alikuwa ana kipande cha bagia mkononi.

Sasa swali. Mpwa anataka tugawe 200 nyingine kabla ya sehemu ya tatu. Mimi naona nimetupa 120,000 baharini. Hivi cha bure kinaleta msomaji kweli, au kinaleta foleni tu?

Mpiga_Debe_Stendi

Foleni tu mkuu. Kipindi cha kampeni mimi nina fulana za vyama vitatu, zote nazivaa shambani. Kura yangu unaijua?

Mzawa_wa_Chuno

Anko, mpwa wako kakusimulia nusu. Mimi nimekulia Chuno, hapohapo Mtwara mjini, sasa nipo huku Marekani mwaka wa tisa, na ile siku nimeshaipangia foleni mara kadhaa na mwanangu.

Aliyeibuni ni mwenye duka kama wewe, anaitwa Joe Field, duka lake lipo Concord, California. Aliona watu wamejaa kwenye duka la aiskrimu siku wanayogawa koni bure, akajiuliza kwa nini katuni zisifanye hivyo. Ya kwanza ikafanyika 2002, tarehe 4 Mei, na hawakuichagua kwa kubahatisha: filamu ya Spider-Man ilikuwa imeingia sinema siku moja kabla. Yaani mtu katoka kumwona mtu buibui usiku, kesho yake anampata bure kwenye karatasi.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hata huku hawalijui. Vile vitabu ni bure kwa msomaji tu. Mwenye duka anavinunua kwa wachapishaji, kwa bei ndogo, lakini ananunua. Kwa hiyo hataki kupoteza. Sehemu nyingi unaruhusiwa vitabu kadhaa tu kwa kichwa kimoja, ukivua kofia wanakujua. Anagonga muhuri wa duka lake kwenye kitabu ili ukifika nacho nyumbani ujue pa kurudi. Na maduka mengi siku hiyohiyo yanashusha bei ya vitu vingine.

Hapo ndipo ninapokuuliza, anko. Mtu akiingia lile duka kufuata cha bure, anakuta rafu zimejaa hadi darini. Akipenda kitu, kipo, analipa, anaondoka nacho. Wewe siku ile ulikuwa na nini cha kumuuzia aliyependa?

Steshenari_Magomeni

Aisee. Madaftari.

Sehemu ya pili ilitoka mwezi wa saba. Mpwa alikuwa hajamaliza kuchora, na mimi nilisema tuwaonjeshe kwanza. Na muhuri ninao hapa mezani, nagonga risiti kutwa, hata haukunijia akilini. Ndani tuliandika jina la mchoraji tu. Wale wa bagia waliniambia walimuuliza muuza bagia kwanza.

Babu_Magazeti_Lindi

Kijana, hujambo. Mimi niliuza magazeti Lindi mjini miaka ya tisini yote. Wakati huo daraja la Mkapa halijafunguliwa, lilikuja kufunguliwa 2003. Magari yalivuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakikolea mzigo wa magazeti unaufikia mkono wangu habari zimeshachacha. Habari zikichacha nani anunue? Lakini Sani, lile gazeti la katuni, haikuchacha. Watu walikuwa wanamtaka Ndumilakuwili wao, wanamtaka Lodi Lofa, hata ikichelewa wiki mbili wanakuja kuniulizia kama wanaulizia barua.

Bure sikuwahi kumpa mtu, hata shemeji yangu. Nilichokuwa nafanya ni hiki. Nafunga kamba kati ya nguzo mbili za kibanda. Natundika nakala moja, imefunguliwa, nimeibana kwa vibanio vya nguo. Unasimama pale unasoma kurasa mbili, hulipi kitu, wala sikufukuzi. Ukitaka kugeuza, kibanio kimebana. Hapo unanitazama, na mimi nakutazama. Hela ya kununua huna? Shilingi ishirini, unakaa kwenye benchi langu, unasoma yote, unarudisha. Kuna jamaa wa bandarini alisoma kwa kukodi mwaka mzima, kisha alipopata kibarua cha kudumu akawa ananunua nakala mbili, moja anaifungia kwenye sanduku.

Kazi yote ilikuwa kwenye kuchagua pa kufungua. Ukifungulia mwanzo, mtu anasoma anaondoka. Ukifungulia mwisho umemaliza uhondo. Mimi nilikuwa naisoma yote kwanza usiku kwa koroboi, natafuta pale ambapo mimi mwenyewe nimeshindwa kulala.

Huyo kinyozi wako anafanya kazi yangu na hujui. Muuza bagia naye, ingawa anaiharibu.

Mwalimu_Kitangari

Kaka, hongera kwa kumsaidia kijana. Mimi nafundisha wilaya ya Newala. Kitabu chenu kimoja kilifika hapa na dereva wa Noah, sijui alikipata wapi. Pengine ndiye huyo wa kuvua kofia.

Nimekiweka darasa la sita. Kinasomwa kwa zamu, watoto wanne wanne, mmoja anafunua na watatu wamemlalia mabegani. Jalada lilibanduka wiki ya pili, nikaligandisha kwa uji wa unga wa muhogo, bado linashika. Kuna mmoja, mtoto ambaye kusoma kwa sauti ni mpaka nimbembeleze, kachora sehemu ya pili yake mwenyewe nyuma ya daftari la Hisabati. Kwake yeye kinyago anakipata mama, siyo dogo. Nilikusudia kumgombeza kwa ajili ya daftari, nikajikuta namuuliza inaendeleaje.

Sasa hao ni wasomaji au siyo wasomaji? Kwenye daftari lako la madeni hawamo hata mmoja. Hata hiyo elfu moja hawana. Na wazazi wao mwezi wa tano usiwaguse, hela yote ipo kwenye kupalilia na salfa ya kupulizia mikorosho. Minada inaanza Oktoba. Malipo yakishaingia, mzazi akishuka mjini kununua bati, mtoto aliyefaulu ana ruhusa ya kuomba kitu kimoja. Msimu huo ndio uwe na sehemu ya kwanza, ya pili na ya tatu mezani, zimefungwa pamoja. Wewe uligawa wakati watu wako hawana hata hela ya kuja kukushukuru.

Dada_Mchoraji_Masasi

Mimi naingia kwa upande mwingine. Watu huwa wanatolea mfano katuni ya Shujaaz ya Kenya: ilianza 2010, bure, ikawa inapenyezwa ndani ya gazeti na kwa mawakala wa M-Pesa, ikasomwa mno. Kweli. Lakini ile haikutolewa bure ili baadaye ununue. Ni bure moja kwa moja, na kuna wafadhili nyuma wanaotaka vijana wapate ujumbe fulani, wa kilimo, wa pesa, wa afya. Mchoraji analipwa, msomaji halipi, na hakuna anayedanganywa. Kwa hiyo anko usijilinganishe nao, wewe mfadhili wako ni rimu za karatasi.

Swali langu ni dogo. Umetuhesabia karatasi, wino, pini, nauli ya basi. 600. Mpwa yuko wapi kwenye hiyo 600?

Steshenari_Magomeni

Dada umenikamata. Hayumo.

Nimepiga hesabu sasa hivi. 34 mara faida ya 400 ni 13,600. Katika hiyo nilimnunulia kalamu mbili za wino mweusi na nikamlipia bando. Basi. Na yeye hajaniuliza, ndiyo maana nami sijajiuliza. Leo jioni nitakaa naye tuandike kwenye daftari, siyo lile la madeni.

Kuhusu bure: sigawi tena 200. Nitachapa 20 za sehemu ya kwanza, zenye muhuri wa duka mgongoni, kila moja nimeitoboa na kuifunga kamba. Tatu kwa vinyozi, mbili pale wanapopaki bajaji, moja zahanati kama watanikubalia, tano nampelekea Mwalimu Kitangari, nitampa huyohuyo dereva akipatikana. Zinazobaki nitaona. Sehemu ya tatu mpwa ameniahidi mwisho wa Septemba. Simwamini, nimemwambia Agosti.

Muuza bagia nimemkuta asubuhi, bado anazo nakala tatu. Nilitaka kuzichukua. Nikabadili mawazo, nikamwonyesha kurasa za kuanza nazo.

Babu wa Lindi, shikamoo. Hivyo vibanio ulivyotumia vilikuwa vya aina gani? Nimejaribu leo na hivi vya rangi rangi vya dukani, upepo wa bahari umeniangushia kitabu mara mbili.

Babu_Magazeti_Lindi

Marahaba. Vya mbao. Vya plastiki jua la huku linavipasua kabla ya masika. Na usibane juu peke yake, bana na chini, maana mtu mwenye hamu ana vidole virefu.