Makaburi ya maduki wa Burgundy: Dijon au Bruges?

Kiguu_Njia: Wakuu, heshima zenu. Nipo Ulaya kikazi, nimepata siku moja ya wazi. Nataka kuona makaburi ya maduki (watawala) wa Burgundy, wale wa tawi dogo la Valois, ukoo wa wafalme wa Ufaransa. Niende Dijon, Ufaransa, au Bruges, Ubelgiji? Tiketi nakata leo.

Ngosha wa Zamani: Ulaya ipi, mkuu? Unaanzia mji gani, siku gani, bajeti je?

BintiMvita: Dijon, hata usijiulize. Philippe Jasiri alikuwa mdogo kuliko wote kati ya wana wa kiume wa Mfalme Jean wa Pili, akapewa Burgundy mwaka 1363. Kaburi lake na la mwanawe Jean yako ndani ya kasri lao, siku hizi makumbusho, na kuingia ni bure. Pembeni mwa kaburi kuna vijisanamu vya alabasta vya waombolezaji, wengine wamejifunika kofia za majoho hadi uso huuoni. Fundi Claus Sluter hakuwa wa mchezo. Angalizo: Jumanne wanafunga.

Chuma Chakavu: Bruges! Charles, duki wa mwisho wa tawi hilo, na bintiye Marie wamelala kanisa moja, na sanamu ya Michelangelo humohumo. Charles alikuwa simba.

Ngosha wa Zamani: Simba gani anachapwa na Waswisi mara mbili ndani ya 1476, Grandson kisha Murten? Januari iliyofuata akafia Nancy, maiti ikaokotwa kwenye barafu imeshaliwa na mbwa mwitu.

Mama Zuhura: Bruges mimi hapana. Tulilipia ziara kwa kampuni moja, jina naweka kapuni. Tukaahidiwa kanisa. Kiongozi akatuzungusha maduka ya chokoleti, kila duka anasalimiana na mwenye duka kama shemeji yake. Saa kumi na moja tunafika mlangoni, kumefungwa. Nikauliza kuhusu pesa zangu, akaniambia nje pia pana picha nzuri. Nilirudi na chokoleti za kumwaga na duki sijamwona.

Chuma Chakavu: Pole dada, ila hapo kosa ni la kiongozi, si la Charles. Halafu hao wa Dijon ndio wasaliti. Jeanne d'Arc, binti shujaa wa Ufaransa, alikamatwa na watu wa Philippe Mwema, mwana wa huyo Jean wenu, pale Compiègne, 1430, akauzwa kwa Waingereza.

BintiMvita: Na nani alimuua baba yake Philippe kwenye daraja la Montereau, 1419, wamekwenda kupatana? Watu wa mrithi wa Ufaransa. Ulitaka awashike mkono?

Ngosha wa Zamani: Huyo baba naye ndiye aliyetuma watu wamuue Louis wa Orléans, binamu yake, Paris, 1407. Tusianzie hadithi katikati.

Kiguu_Njia: Samahani wakuu, nilikuwa kikaoni. Naanzia Paris. Siku yenyewe ni Jumanne.

BintiMvita: Sasa si ungesema mwanzo!

Mama Zuhura: Huwezi kuhamisha kikao? Treni ya Dijon ni kama saa moja na nusu tu.

Chuma Chakavu: Bruges. Nimemaliza.

Ngosha wa Zamani: Ukienda Dijon niletee haradali.