Kikundi cha Familia: Risasi imekwama katika bunduki ya upepo

Rehema, saa 2:14 asubuhi
Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo. Ile bunduki ya upepo ya marehemu Baba ina risasi iliyokwama ndani ya mtutu tangu jana jioni, na Juma ananiambia kwamba alipoona ya kwanza haitoki aliweka ya pili akafyatua ili iisukume. Naomba tukubaliane kabla ya adhuhuri ni nani atakayeishughulikia, na hadi hapo asiiguse mtu.

Rehema, saa 2:51
Naona wengi mmesoma na mko kimya. Kaka Saidi, wewe ndiye uliyewahi kuifungua, kwa hiyo tunakusubiri.

Juma
Shangazi, ya pili nayo haikutoka. Nina waya mgumu wa chuma hapa, na naamini nikiuingiza kwa mbele na kuugonga kidogo kwa nyundo, risasi zote mbili zitatoka.

Rehema
Usithubutu, Juma. Ndani ya mtutu mna mifuo inayoizungusha risasi, na chuma kigumu kikiikwaruza, hasa pale mdomoni, bunduki haitapiga tena inapolengwa. Isitoshe, risasi hizo ni laini, na ncha ya waya itazitoboa na kuzitanua zizidi kubana. Lakini kabla ya hayo yote nijibu: imekokiwa, yaani springi imekazwa tayari kufyatuliwa, au haijakokiwa?

Hamisi
Mimi nashauri iachwe hivyo hivyo, kwa kuwa ndege hawajapata kuwa na amani kama leo.

Zawadi
Ndege wamekuteua uwe msemaji wao, Kaka Hamisi.

Rehema
Tutacheka baadaye. Hiyo ni bunduki ya springi, ya kukunja mtutu. Ikiwa imekokiwa na mtutu uko wazi, kifyatulio kikiguswa mtutu hujifunga kwa nguvu ya kuvunja vidole. Juma, bado nasubiri jibu.

Juma
Sijaikoki tena, Shangazi. Ile ya pili ilitoa mlio dhaifu tu, nikaiegemeza ukutani.

Saidi, saa 5:40
Mniwie radhi, ndio kwanza nauona ujumbe. Kama kweli haijakokiwa, kazi hii inawezekana, ila inataka watu wawili. Mmoja aufungue mtutu kiasi cha kuonekana tundu la nyuma tu na aushikilie kwa nguvu muda wote, kwa sababu ukivutwa hadi mwisho bunduki itakuwa imekokiwa. Mwingine aingize fimbo ya shaba kwa mbele taratibu mpaka iguse, atie alama mdomoni, kisha aipime nje ya mtutu, na hapo tutajua risasi zimesimama wapi na zisukumiwe upande upi. Tundu ni la milimita 4.5, hivyo fimbo iwe na unene wa kama milimita 4 na ncha bapa; kijiti cha mbao kitakatikia humo tuwe na kizibo cha tatu. Matone machache ya oili laini yatasaidia, lakini yafutwe yote baadaye, kwa kuwa oili ikifika kwenye chumba cha pistoni huwaka kwa mgandamizo wakati wa kufyatua na kuharibu springi na sili, yaani kile kizibo cha pistoni kinachozuia upepo kuvuja.

Fimbo yenyewe ilitoka kwenye sanduku na haikurudi, na aliyeichukua anajua. Pia nilipopendekeza sili ya pistoni ibadilishwe kwa kuwa bunduki imepoteza nguvu, niliambiwa kwamba natafuta njia ya kuimiliki.

Hamisi
Maneno hayo hayakusemwa hivyo, Kaka, na hata siku ile ulijua hivyo.

Rehema
Tafadhalini, tuzungumzie mtutu kwanza.

Baba Mkubwa, saa 7:05
Bunduki ile ni ya mdogo wangu, na hakumwachia mmoja wenu peke yake. Juma ailete chumbani kwangu, mdomo ukielekea chini, nami nitaifungia. Risasi hazitatolewa mpaka Saidi na Hamisi waje pamoja mbele yangu.

Saidi
Nimekusikia, Baba Mkubwa.

Juma, saa 7:48
Nimeifikisha, Babu ameshaifungia.

Rehema
Ahsante, mwanangu. Sasa nawa mikono kwa sabuni, kwani madini ya risasi ni sumu. Kaka Saidi na Kaka Hamisi, napendekeza Jumamosi asubuhi.

Saidi, saa 12:20 jioni
Jumamosi naweza, nikipata fimbo.

Rehema, saa 2:30 usiku
Kaka Hamisi, umesoma tangu mchana.

Hamisi, saa 4:12 usiku
Nitaitafuta, ingawa sina hakika kwamba iko kwangu. Kuhusu Jumamosi nitawajulisha.

Rehema
Basi mwingine yeyote mwenye fimbo ya shaba ya unene huo aseme leo.