Tupeane uzoefu: riadha za shuleni zilikujenga tabia gani?

Mama wa Tononoka
Jumamosi binti yangu aliangusha kijiti katika mbio za kupokezana, akaketi palepale kwenye mstari wake akilia mpaka wenzake wote wakamaliza. Nilirudi nyumbani nikiwaza siku zangu mwenyewe za kukimbia. Nyinyi mliokimbia mkiwa shuleni hapa Mombasa, hebu tuelezane: mbio zile zilitujenga tabia kweli, au zilituachia magoti mabovu tu?

Bi Kisauni
Mimi zilinijenga. Mwalimu wetu wa michezo, Mungu amrehemu, alitufanyisha mazoezi ufukweni alfajiri, maji yakiwa yamekupwa na mchanga ukiwa mgumu. Aliyechelewa hakuchapwa wala hakugombezwa. Tulisimama sote kimya tukimngoja huku jua likipanda, naye alituona kwa mbali tumesimama kwa ajili yake. Nilichelewa mara 2 tu maishani mwangu.

Mvukaji wa Likoni
Kweli kabisa, dada. Sisi wa ng'ambo tulikuwa na feri juu ya hayo yote.

Msumari Ukutani
Nimesoma haya nikakumbuka jambo ambalo sijawahi kulisimulia. Nilikuwa na miaka 18, na mbio zilikuwa za mita 1500 kwa wavulana wa chini ya miaka 16. Mwalimu alinipa cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa kidato cha kwanza, akaniambia nikariri jina na tarehe, nami nikakariri usiku kucha kama anayejiandaa kwa mtihani. Asubuhi kwenye mstari msimamizi aliliita jina lile mara 2 bila mimi kugeuka, mpaka mwenzangu akanifinya. Nilishinda kwa mbali. Aliyekuwa wa pili, kijana mdogo asiye na viatu, alinijia akihema, akanipa mkono, akaniita kwa jina lisilo langu na kuniuliza, "Kaka, ulifanya mazoezi gani?" Sikuwa na la kumjibu.

Nyumbani bibi yangu alikwisha pigilia msumari ukutani, kwa kuwa habari za ushindi zilimfikia kabla yangu. Yeye alisoma herufi za Kiarabu tu, kwa hiyo akamwita mtoto wa jirani amsomee cheti cha ushindi. Mtoto akasoma jina. Bibi akauliza, "Huyu ni nani?" Hakuna aliyejibu, naye hakuuliza tena. Siku ya pili nilikuta amening'iniza kalenda kwenye msumari ule. Leo kazi yangu ni ya hati, na sijapata kutia sahihi karatasi yoyote bila kusoma jina lililoandikwa.

Mtoto wa Jomvu
Basi mada imekwisha. Michezo ya shule hufunza udanganyifu, tena kwa usimamizi wa walimu.

Mwalimu Mstaafu
Taratibu, mwanangu. Aliyedanganya ni mtu mzima aliyetaka kombe, na mbio zenyewe hazina kosa. Mnakumbuka yaliyotokea Burlada, Uhispania, Desemba 2012? Abel Mutai wetu alidhani amekwisha maliza, akapunguza mwendo kabla ya mstari, na Iván Fernández Anaya aliyekuwa nyuma yake hakumpita bali alimwelekeza amalize kwanza.

Mtoto wa Jomvu
Shikamoo, Mwalimu. Lakini huyo alikuwa mtu mzima, hakuwa mwanafunzi.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Na tabia hiyo aliichuma wapi, ukubwani?

Msumari Ukutani
Msigombane kwa ajili yangu. Mwalimu yule nilimlaumu miaka mingi, ilhali kinywa kilichokariri jina kilikuwa changu.

Kamba ya Gofu
Mimi nitarudi kwa binti aliyelia. Tarehe 24 Machi 2007, mbio za nyika za dunia zilipofanyika hapa kwetu kwenye uwanja wa gofu, nilikuwa mtoto nimeshikilia kamba pembeni. Kenenisa Bekele, bingwa wa miaka 5 mfululizo, alishindwa na joto letu akajitoa, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Tangu siku ile sijamcheka mtu anayeacha mbio. Dada, mwache mtoto apumzike msimu mzima.

Bi Kisauni
Hapana, asipumzike hata wiki! Akizoea kuketi, ataketi na kwenye ndoa.

Mvukaji wa Likoni
Mpe kijiti alale nacho.

Mwalimu Mstaafu
Mnashauri yote isipokuwa lililo muhimu. Kijiti kikianguka, kanuni inamtaka aliyekiangusha akiokote yeye mwenyewe, hata akilazimika kutoka kwenye mstari wake, mradi asimzuie mwingine wala asifupishe njia, kisha anaendelea na mbio. Je, mtoto alielezwa hayo?

Mama wa Tononoka
Hakuelezwa, Mwalimu, na mimi mwenyewe niliyekimbia miaka 4 sikujua. Nimemsomea maneno yako sasa hivi. Amenyamaza, kisha akauliza kama angeweza kuokota hata wenzake wakiwa wamekwisha fika. Nikamwambia ndiyo. Sasa yuko uani na kaka yake, wanaangusha na kuokota, na mwiko wangu wa kusongea sima siuoni jikoni.