Kuhamia Dar: unachaguaje mtaa? Tupeane uzoefu

Mgeni_kutoka_Iringa
Wakuu, habari za jioni. Nahamishiwa Dar kikazi, ofisi iko karibu na Mwenge. Familia ni mke na watoto wawili. Madalali wameshaanza kutuma picha: Goba, Tabata, Boko, Kigamboni, Mbagala. Kwenye picha nyumba zote ni nzuri, zote zina geti na marumaru zinazong'aa. Wenye kulijua jiji tupeane uzoefu: mtu anaanzia wapi kuchagua mtaa kabla hajatoa kodi ya miezi sita?

Konda_Mstaafu
Anza na barabara, nyumba itafuata. Dar ina mikono minne inayotoka mjini: Bagamoyo kwenda Tegeta na Bunju, Morogoro kwenda Kimara na Mbezi, Nyerere kwenda Ukonga na Gongo la Mboto, Kilwa kwenda Mbagala. Barabara za Mandela na Sam Nujoma ndizo zinazoikata mikono hiyo, na kwenye makutano ndiko foleni inakolala. Ubungo wana barabara za juu tangu 2021 na Tazara tangu 2018, imesaidia, lakini gari bado ni nyingi.

Kazi ikiwa Mwenge, tafuta mkono wa Bagamoyo, au mahali penye njia ya pembeni inayokutoa Mwenge bila kupita Ubungo. Ukikaa Mbagala utakuwa unakatisha jiji zima asubuhi na jioni. Usihesabu kilomita, hesabu magari. Gari moja la mbali ni afadhali kuliko magari mawili ya karibu, kwa sababu kila unapounganisha unaanza upya kugombea mlango.

Jambo la pili ni kituo chako kiko wapi kwenye ruti. Asubuhi daladala inajaa kituo cha kwanza. Ukikaa katikati ya ruti, saa 12 gari linapita bila kusimama. Ndiyo maana watu wanageuza nalo: unapanda linalokwenda mwisho wa ruti, unalipa nauli, unabaki kwenye siti, unalipa tena kurudi. Nauli mbili kila asubuhi na nusu saa ya ziada. Weka hesabu hiyo kwenye kodi ya nyumba. Nyumba ya bei rahisi katikati ya ruti inaweza kukugharimu zaidi ya ile ya bei mbaya iliyo mwanzo wa ruti.

dada_wa_Tegeta
Kugeuza. Dalali hawezi kukuambia hilo hata siku moja.

MwanaMbagala
Konda umeongea vizuri ila usiwatishe watu na Mbagala. Kilwa Road imejengewa njia ya mabasi ya mwendokasi, soko la Rangi Tatu lina kila kitu, na kwa kodi ya vyumba viwili na sebule huku kwetu, Sinza unapata chumba na choo tu.

Konda_Mstaafu
Ndugu yangu, sijasema Mbagala ni pabaya. Kwa mwenye kazi Kariakoo, bandarini au Kurasini ni pazuri sana. Huyu kazi yake iko Mwenge.

MwanaMbagala
Mnasema hivyo hivyo miaka yote na watu wa Mbagala wanafika Mwenge.

Konda_Mstaafu
Wanafika. Waulize wameamka saa ngapi.

bomba_nusu_inchi
Tuzungumze maji, maana hapa ndipo wapangaji wengi wanaumia.

Mkono wa Bagamoyo unapata maji ya mtambo wa Ruvu Chini, Kimara na Mbezi wanapata ya mtambo wa Ruvu Juu. Yote miwili inategemea mto mmoja, Ruvu. Oktoba 2022 mto ulipopungua, mgao uliingia karibu jiji zima. Kwa hiyo swali la "maji yapo?" halina maana, kila dalali atakujibu yapo. Uliza hivi: yanatoka siku zipi, saa ngapi mpaka saa ngapi, na yanapanda mwenyewe kwenye tangi au mpaka pampu?

Goba, Kimara na Mbezi ni vilima. Jirani wa bondeni ana maji siku nzima, wewe wa juu unapata usiku wa manane tu presha ikirudi. Fungua bomba la uani, lile la chini karibu na mita. Likitiririka vizuri na la jikoni halitoi kitu, maji ya mtaani yapo ila tangi ni tupu au pampu imekufa.

Hesabu ya tangi: watu wanne, lita 80 kila mmoja kwa siku, ni lita 320. Simtank ya lita 1,000 inaisha baada ya siku tatu. Mtaa ambao maji hutoka mara moja kwa wiki, lita 2,000 ni za kubana, 3,000 ndiyo unapumua. Angalia pia tangi limewekwa juu kiasi gani. Kila mita moja ya kimo inakupa sehemu ya kumi tu ya bar, kipimo cha presha. Tangi lililo usawa wa paa halisukumi bomba la mvua, utaoga kwa ndoo hata kama bafu lina kila kitu.

Nyumba nyingi zina kisima. Onja. Chukua sabuni ya kipande, nawa. Povu lisipokuja na mikono ikanata, hayo ni maji ya chumvi. Angalia birika la aliyepo: utando mweupe ndani, na koki zimeota kutu ya kijani. Maji hayo yanafaa kudekia na kuflashi choo, ya kunywa na kupikia utanunua kwa madumu. Piga hesabu ya madumu kwa mwezi kabla hujasema kodi ni rahisi.

mama_Segerea
Na pampu inakula LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya nani? Kama mita ni moja na wapangaji ni wanne, ugomvi umeshaanza kabla hujahamia.

Fundi_umeme_Kinyerezi
Mama kagusa penyewe. Usichukue nyumba bila mita yako mwenyewe. Kisha kabla ya kulipa kodi, nunua umeme wa elfu tano kwa namba ya mita hiyo na usome risiti. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU kila mwezi. Nyumba ikikaa tupu miezi mingi bila mtu kununua umeme, makato yanajikusanya, na mpangaji mpya ndiye anayekatwa yote siku ya kwanza. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Iandikwe kwenye mkataba kwamba atairudisha au itapunguzwa kwenye kodi ya pango.

Halafu nenda saa 2 usiku, watu wote wamewasha. Taa ikififia na friji ya jirani inanguruma bila kuwaka, transfoma imezidiwa au nyumba iko mwisho wa laini. Mwambie fundi apime kwenye soketi. Inatakiwa volti 230. Ikishuka chini ya 200, kompresa ya friji haitamaliza mwaka.

Mpimaji
Mleta mada, umetaja Boko. Muulize dalali ni Boko ipi. Basihaya kuna sehemu maji ya masika hayana pa kwenda, yanasimama wiki kadhaa, na hakuna mto wowote wa kukutahadharisha. Ni sahani tu ya ardhi, watu wamejenga kwenye kina chake.

Na kwa sababu mmetaja mabonde, wageni wa jiji waelewe kilichotokea bonde la mto Msimbazi. Desemba 2011, kuanzia tarehe 20, mvua ilipiga mfululizo. Jangwani na Kigogo watu walipanda juu ya mapaa na watoto. Maji hayakuja kama mvua inavyojaza uwanja, yalikuja kama ukuta kutoka juu, kwa sababu Msimbazi unakusanya maji ya vilima vya Pugu na Kisarawe, unateremka Vingunguti, unapita Kigogo na Jangwani, kisha unatafuta bahari pale daraja la Selander. Mdomo wa mto ni mwembamba. Mchanga na takataka vimeinua sakafu yake. Ikikutana mvua ya milimani na bahari iliyojaa, maji ya mto yanarudi nyuma kwenye nyumba. Zaidi ya watu 30 walikufa jijini. Waliopoteza makazi serikali iliwapeleka viwanja vya Mabwepande, mbali kabisa na kazi zao za Kariakoo, na wapo waliorudi bondeni kwa sababu hiyo hiyo.

Kinachoniuma ni kwamba vyumba vya bonde bado vinapangishwa. Kiangazi ni pakavu, pana upepo, ni karibu na mjini na bei iko chini. Mgeni anafika Agosti, anaona amepata bahati.

mtoto_wa_Magomeni
Kweli tupu. Na maji yale siyo maji tu. Mvua ikianza, watu wanatapisha vyoo, yaani wanaachia uchafu wa shimo uondoke na maji. Kinachoingia ndani kina kila kitu, ndiyo maana kipindupindu hufuata.

Mdau_Kimara
Hayo ya bondeni yanatuhusu hata sisi wa mlimani. Maji yakipita juu ya barabara pale Jangwani, mwendokasi unakatika, Kimara hadi Kivukoni hakuna basi. Mradi umeanza 2016 na tumeliona hilo mara nyingi.

kijana_wa_Ilala
Lakini si serikali ilibomoa nyumba za bondeni? Naona mnatisha watu kwa mambo ya zamani.

Mpimaji
Walibomoa Desemba 2015 na zimejengwa nyingine. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza makazi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pima kwa hatua zako kubwa, kama 75. Ukifika mtoni kabla ya hapo, ondoka, hata kama mwenye nyumba ana karatasi za rangi zote.

kijana_wa_Ilala
Nimekuelewa mzee wangu.

Mgeni_kutoka_Iringa
Asanteni sana. Sasa mtu akifika kwenye nyumba wakati wa kiangazi, atajuaje kama inaingia maji?

Mpimaji
Zunguka nyuma, kwa mbele wameshapaka. Tafuta mstari wa tope ukutani, au rangi mpya iliyoishia usawa wa kiuno. Plasta inayobanduka chini tu, juu ni nzima. Kizingiti cha mlango kilichoinuliwa kwa tofali mbili mpaka unaruka kuingia ndani. Soketi zilizohamishwa juu ya usawa wa kifua. Mifuko ya mchanga pembezoni mwa ukuta. Matete na magugu ya majini kwenye kiwanja jirani. Viwili vikikutana, usihitaji cha tatu.

bomba_nusu_inchi
Ongeza shimo la choo. Uliza lilinyonywa lini na kila baada ya muda gani. Familia moja ikinyonya kila mwezi, shimo halinywi tena, maji ya ardhini yako juu. Halafu tazama kama gari la majitaka linafika au uchochoro ni mwembamba.

Mkaazi_Kigamboni
Na mimi nitetee kwetu. Kibada na Mji Mwema pamepimwa sehemu kubwa, barabara za mitaa zinaeleweka, hewa ni safi. Daraja lipo tangu 2016.

dada_wa_Tegeta
Daraja lina tozo kaka, na pantoni jioni foleni yake tunaijua. Kwa kazi ya Mwenge hapana.

Mkaazi_Kigamboni
Kwa Mwenge nakubali. Kwa Posta na Kurasini siachi kuitetea Kigamboni.

mama_Segerea
Jamani mna watoto na hamjataja shule. Shule na nyumba vichaguliwe siku moja. Gari la shule likianzia mbali, mtoto anachukuliwa saa 11 alfajiri na analala kwenye siti. Uliza gari linapita lini mtaani kwenu na linamfikisha saa ngapi.

Nenda mara tatu: alfajiri siku ya kazi, usiku wa Jumamosi, na siku ya mvua ukibahatika. Usiku wa Jumamosi ndiyo utajua kama jirani ni baa au mtaa una vigodoro, zile ngoma za mtaani za usiku kucha. Mama muuza mandazi wa kona atakwambia ukweli kuliko dalali. Nunua mandazi, kaa, msikilize.

Mdau_Kimara
Kuhusu malipo: usimpe dalali kodi. Kodi ni ya mwenye nyumba, dalali ana mwezi wake mmoja. Mwone mjumbe au mwenyekiti wa mtaa kwanza, umuulize nyumba ni ya nani. Kuna vyumba vinapangishwa kwa watu watatu siku moja. Nyumba ikiwa ya mirathi, lipa kwa msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama, la sivyo mwezi wa pili atakuja mdogo wa marehemu kudai kodi yake.

Na angalia ukutani alama ya X nyekundu, ya nyumba za kubomolewa. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kuanzia Kimara mpaka Kiluvya kwa sababu ya hifadhi ya barabara. Mpangaji halipwi fidia, na kodi uliyotanguliza kuirudisha ni kazi.

kijana_wa_Ilala
Mimi nashauri apange chumba Sinza au Mwenge miezi mitatu, aje peke yake, azunguke taratibu.

dada_wa_Tegeta
Sikubaliani. Kuhama mara mbili ni dalali mara mbili, kirikuu (kigari cha mizigo) mara mbili, na watoto wanakatishwa muhula. Aje wiki mbili afikie kwa ndugu, afanye kazi yote hiyo, ahamishe mara moja.

kijana_wa_Ilala
Ndugu naye ana watu wake dada, wiki mbili ni nyingi.

Mgeni_kutoka_Iringa
Nimefuta Mbagala, Kigamboni na Tabata, wenye mitaa msinichukie. Zimebaki Goba na Boko.

Konda_Mstaafu
Goba hakikisha uko upande unaotoka kwa Makongo, hapo unaingia Mwenge bila kugusa Ubungo. Kisha uliza kutoka lami mpaka getini ni mita ngapi, na bajaji inafika masika au inakushusha njiani. Panda hiyo bajaji saa 3 usiku, usikie bei yake.

Mgeni_kutoka_Iringa
Ya Boko dalali anasema wapo wengine watatu wanaitaka, nitume kishika nyumba leo. Niweke hapa picha za sebule mzione?

Mpimaji
Usitume hela. Na picha ya sebule haitusaidii. Mwambie apige ukuta wa nyuma, kuanzia chini.