Nimesaini fomu ya shule kwenye "vanem", naombeni ushauri

DadaWaTartu: Habari wakuu, nipo Estonia mwaka wa pili sasa. Mtoto kaleta fomu ya safari ya shule, kaikunja mara nne kwenye mkebe wa penseli, chini imeandikwa "vanema allkiri", sahihi ya vanem. Darasani tulifundishwa vanem vend ni kaka mkubwa, vanem õde dada mkubwa, nikajua wanataka mkubwa yeyote wa nyumba, nikasaini. Sasa mwalimu anataka tuonane kesho na moyo unanidunda, nifanyeje?

kahawa_chungu: Vanem ni mzazi pia dada. Ukubwa na uzazi neno moja, kama sisi tunavyosema "wazee wangu wako kijijini" yaani baba na mama. Wakitaka kunyoosha wanasema lapsevanem. Hata kiongozi wa zamani alikuwa vanem, Lembitu aliyekufa vitani 1217 wanamwita hivyo, na leo mkuu wa halmashauri ya vijijini ni vallavanem.

Mzaramo_OG: Mi darasa la 5 nilimsainisha konda wa daladala ripoti yangu 😂 nilichezea fimbo wiki nzima

Kipepeo: Kama mtoto ni wako unaogopa nini sasa?

DadaWaTartu: Sijamzaa. Ni wa mume wangu, mama yake yupo Pärnu na safari haijui. Ila uji napika mimi, nywele nachana mimi, na juzi kaniambia mwenyewe "sa oled minust vanem", nikalia. Nikiletewa nyingine nasaini tena.

kahawa_chungu: Pole dada, hapo kwenye "minust" kasema umemzidi umri. Mzazi wangu ingekuwa "minu vanem". Na mambo ya hooldusõigus, haki ya malezi, ni ya baba na mama.

Chuma_Mboga: Hii chai. Miaka miwili huko hujui neno mzazi? Weka picha ya fomu.

Mzaramo_OG: Kweli, mbona mume hatajwi kabisa, yeye hana kalamu?

MamaAbdul: Chai au si chai, kuna mwanamke huko mtoto wake anasafirishwa hana habari. Mpigieni jamani, mimi nilifanyiwa hivyo na bado kunauma.

DadaWaTartu: Picha siweki, ina jina la mtoto. Mume alikuwa kazini, karudi nimemwambia yote, yuko jikoni anaongea na mama yake Pärnu. Mtoto kaja kuuliza kama bado nitamchana nywele kesho.